Kikohozi ndani ya daladala

Aprili 2020, asubuhi, daladala inatoka Buhongwa kuja Mwanza mjini. Zilikuwa siku za levo siti: hakuna kusimama, hakuna kubanana mlangoni, konda kavaa barakoa yake kidevuni. Mkolani akapanda mzee mmoja mwenye koti la kaki, mkononi mfuko wa rambo wenye karatasi za kliniki. Akatusalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," tukaitikia. Hatujafika Nyegezi, akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kikavu, mara mbili, halafu cha tatu ambacho alijaribu kukimeza kikamshinda. Dada aliyekaa naye akageuzia uso dirishani. Mama wa kiti cha mbele akavuta kanga hadi puani. Mtu wa nyuma akahangaika na kioo mpaka kikafunguka, kioo ambacho naamini hakikuwa kimefunguliwa tangu gari linunuliwe. Mzee akatutazama mmoja mmoja, akasema kwa sauti ya mtu aliyeitwa kwenye baraza la kijiji, "Ni pumu, wanangu. Ninayo tangu ujana. Siyo huo ugonjwa."

Hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa nahesabu viti vilivyokuwa kati yangu na yeye.

Mwezi mmoja nyuma kikohozi kile kisingegeuza shingo ya mtu. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa 16 Machi 2020, Arusha, na kesho yake shule zikafungwa. Katika wiki chache pumu ya mzee ilibaki ile ile, sisi ndio tuliobadilika. Mabadiliko hayo yana mashine yake ndani, na mashine hiyo inaweza kufunguliwa ikatazamwa.

Tuanze na maneno, maana tunayachanganya. Hofu ina kitu mbele yake: kiboko kachomoza kando ya mtumbwi, unayaona masikio. Wasiwasi hauna kitu. Neno lenyewe lilikuja na Waarabu likiwa na maana ya mnong'ono, na kweli wasiwasi hunong'ona tu, haukuonyeshi kidole wapi pa kutazama. Taharuki, ambayo asili yake ni mwendo, hutokea pale mnong'ono wa mtu mmoja unapohamia kwa jirani, kisha watu wakaanza kununua, kukimbia, kufunga milango na kunyoosheana vidole. Viongozi wetu hulipenda neno hili la tatu. "Usizue taharuki" ni onyo ambalo kila mtu amelisikia. Linasemwa kana kwamba taharuki huwashwa kama kiberiti. Mimi naona huiva taratibu, kama ndizi zilizofukiwa, na kinachoiivisha ni maswali yaliyokosa majibu.

Kwanza kuna jambo linalowasumbua madaktari wengi: kwa nini watu wanaogopa kitu hiki na si kile. Malaria inaua maelfu ya Watanzania kila mwaka, wengi wao watoto wadogo, na hakuna abiria aliyewahi kufungua kioo kwa sababu mwenzake ana homa. Vijana wanaingia ziwani usiku kuvua dagaa, taa zinaelea mpaka upeo wa macho, na wengi hawana jaketi la kujiokolea. Ukiwauliza watakuambia ziwa wanalijua. Na hapo ndipo penye jibu. Mtafiti wa Marekani, Paul Slovic, aliandika mwaka 1987 kwamba watu wa kawaida hawapimi hatari kwa hesabu ya vifo peke yake. Wanauliza mambo mengine: je, kitu hiki nakijua? Naweza kukizuia? Kinaua kwa kishindo? Nilijiingiza mwenyewe au nimeingizwa? Malaria tunaijua kwa jina, kwa dawa, kwa bei ya dawa. Korona ilikuwa ngeni, haionekani, na kibaya zaidi iliweza kubebwa na mtu mzima mwenye afya asiyeonyesha dalili yoyote. Ugonjwa wa aina hiyo unamfanya kila mtu kuwa mshukiwa, hata anayekuletea chai.

Kwa hiyo anayewaambia watu "mbona malaria inaua zaidi" hajakosea hesabu. Amejibu swali ambalo hawakuliuliza.

Kutokujua kunauma kuliko tunavyodhani. Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu kimoja cha London waliwachezesha watu 45 mchezo wa kompyuta: geuza jiwe, ukikuta nyoka chini yake unapigwa shoti ya umeme mkononi. Wakawa wanapima jasho la mkono na ukubwa wa mboni ya jicho. Waliokuwa na uhakika wa kupigwa shoti walitulia kuliko wale waliokuwa nusu kwa nusu. Yaani mwili wa binadamu unavumilia maumivu yanayokuja kwa hakika kuliko maumivu yanayokuja labda. Mtu yeyote aliyewahi kusubiri majibu ya vipimo kwenye benchi la zahanati hakuhitaji shoti kulijua hilo.

Sasa niingie ndani ya mwili wenyewe, kwa sababu hapa ndipo wengi tulipojichanganya mwaka ule.

Mama yangu mdogo anakaa Igoma. Usiku mmoja wa Februari 2021, baada ya misiba miwili mtaani katika wiki moja, alipiga nyungu: majani ya mkaratusi, mchaichai, malimao, sufuria linachemka, blanketi juu. Alipotoka kwenye blanketi akasema hapumui. Kifua kimebana, moyo unakwenda mbio, vidole vinachoma kama vimekaliwa na siafu, midomo imekufa ganzi. Tukambeba kwa bajaji. Njia nzima alikuwa anatoa wosia, nani achukue cherehani, nani amalizie kikoba. Zahanati tuliyofika kwanza haikutufungulia geti. Mlinzi alisikia neno "kupumua" akarudi nyuma hatua tatu. Ya pili nesi alikuwa mama wa makamo asiye na haraka. Akambana kile kipimo cha kidoleni, kikaonyesha oksijeni 98. Kisha akavuta stuli akakaa mbele yake, akamshika mikono, akasema, "Mama, hesabu na mimi. Vuta, moja, mbili, tatu. Toa, moja, mbili, tatu, nne, tano." Walihesabu pamoja kama dakika kumi. Siafu wakaondoka vidoleni. Mama mdogo akaomba maji, halafu akauliza kama bajaji bado ipo maana dereva tunamdai chenji.

Kilichotokea kina maelezo ya kisayansi yasiyo magumu. Mtu akiogopa, ubongo huamuru mwili ujiandae kukimbia: moyo unaongeza kasi, pumzi zinakuwa fupi na nyingi. Lakini kama hakimbii, amekaa tu kwenye kiti, zile pumzi zinafukuza kabonidayoksaidi nyingi kuliko inavyotakiwa. Gesi hiyo ikipungua, damu inabadilika uchachu wake, mishipa midogo inajibana, na matokeo yake ni ganzi, vidole kuchoma, kizunguzungu na kifua kubana. Oksijeni ipo tele, ila mwili unahisi haipo. Mtu anahisi hapumui, anavuta zaidi, na kadiri anavyovuta ndivyo inavyozidi. Dalili za hofu zikafanana na dalili za ugonjwa anaouogopa. Ni mduara mbaya sana, na mtu aliye ndani yake hadanganyi wala haigizi. Ndiyo maana "acha uoga" ni dawa isiyofaa kitu. (Niongeze haraka: ganzi ya vidole haimaanishi kila mara ni hofu, na korona yenyewe iliweza kushusha oksijeni bila mgonjwa kuhisi. Kile kipimo cha kidoleni ndicho kilichotofautisha, si ushujaa wa nesi.)

Kama mwili wa mtu mmoja unaweza kuigiza ugonjwa, je, mji mzima? Kwa jibu la swali hilo hatuhitaji kwenda mbali. Tuvuke ziwa tu.

Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru, katika shule ya bweni ya wasichana pale Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha. Kicheko kikageuka kilio, kilio kikarudi kuwa kicheko. Kikawahamia wenzao. Hadi shule inafungwa 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameugua. Wengine vipindi vyao vilidumu dakika chache, wengine saa kadhaa, vikarudi tena na tena. Aliyekaa nacho muda mrefu zaidi alifika siku 16. Walimu hata mmoja hakupatwa. Wasichana waliporudishwa makwao, ugonjwa ukarudi nao: Nshamba, watu 217 waliupata ndani ya Aprili na Mei. Shule nyingine zikafuata. Wahaya waliuita *enwara yokusheka*, ugonjwa wa kucheka.

Madaktari wawili, Rankin na Philip, walichunguza na kuchapisha taarifa yao mwaka 1963. Damu haikuonyesha kitu, maji ya uti wa mgongo hayakuonyesha kitu, chakula hakikuwa na sumu. Hakuna aliyekufa. Mitaani, hata hivyo, maelezo yalikwishapatikana: unga wa mahindi umetiwa sumu; hewa imechafuliwa na mabomu ya atomiki yanayolipuliwa na wakubwa wa dunia. Mwaka 1962 majaribio ya mabomu yalikuwa kwenye habari kila siku. Uvumi ulichukua kitu cha kweli kilichokuwa hewani ukakivika ugonjwa usioeleweka.

Kisa hiki husimuliwa duniani kama kichekesho, "Waafrika waliocheka mwaka mzima." Kinanikera. Hakukuwa na furaha yoyote pale. Wasichana wa miaka 12 hadi 18, wamefungiwa bwenini, sheria kali, nchi mpya inayowatazama kama tumaini la ukoo, hawana pa kulalamikia. Kilichohama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine kilikuwa dhiki, na kilihama kwa macho na masikio. Angalia pia kilihamia kwa nani: kwa walio rika moja, walio katika hali moja, wanaofahamiana. Walimu walikuwa chumba kile kile wakasalimika. Hofu haisambai kama moshi unaomfikia kila mtu. Hufuata njia za undugu na urafiki.

Ndiyo maana mwaka 2020 iliyotutikisa Mwanza haikuwa redio. Zilikuwa voisi za WhatsApp. Kila moja ilianza vile vile: "Jamani, nina ndugu yangu anafanya kazi hospitali…" Sauti ya mtu anayehema, lafudhi ya nyumbani, imetumwa na shemeji yako kwenye grupu la ukoo. Ukilinganisha na tangazo rasmi la kurasa mbili lenye muhuri, shemeji anashinda.

Wamarekani wawili, Allport na Postman, walisema mwaka 1947 kwamba uvumi hukua kwa kuzidisha vitu viwili: umuhimu wa jambo, na utata wa habari zake. Kuzidisha, si kujumlisha. Maana yake ni kwamba kimoja kikiwa sifuri, uvumi unakufa. Umuhimu wa korona hakuna aliyeweza kuushusha. Watu walikuwa wanazika. Kilichobaki mikononi mwa wenye mamlaka ni utata.

Na utata sisi tuliuongeza. Takwimu za mwisho za Bara zilitolewa 29 Aprili 2020. Hesabu ya nchi nzima ikagandia kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, ikakaa hapo zaidi ya mwaka. Mwanzoni mwa Mei, akiwa Chato, ng'ambo kidogo tu ya ghuba yetu, Rais Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zimepelekwa maabara kwa siri na zimerudi na majibu ya korona. Juni akatangaza kwamba Mungu ameuondoa ugonjwa.

Nataka nimtendee haki. Hoja yake kwamba hofu nayo inaua haikuwa upuuzi. Mama lishe wa Mwaloni, Kirumba, akifungiwa wiki mbili analala njaa, na hakuna mfuko wa serikali ungemfikia. Wapo waliopumua vizuri zaidi siku ile, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikula sato sokoni bila kunawa. Kwa miezi kadhaa ilionekana imefanya kazi. Kisha ikaja ile misiba ya mwanzoni mwa 2021. Ugonjwa haukuwa na jina la kutajwa, kwa hiyo watu walikufa kwa "nimonia kali" na "changamoto ya upumuaji." Tarehe 17 Februari 2021 ziliwajia Watanzania siku moja habari za kifo cha Maalim Seif na cha Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi Kijazi. Mtaani kwetu hakuna aliyesema neno korona kwa sauti. Ila tangawizi ilipanda bei, malimao yakaadimika soko la Mlango Mmoja, na kwenye misiba watu wakaanza kusalimiana kwa viwiko huku wakicheka kidogo, kama wanaotaniana.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kukana na kuogopa si maadui. Anayesema "hakuna korona" kwa ukali, huku mfukoni ana vipande vya tangawizi, anaogopa sawa na jirani yake mwenye barakoa mbili. Amechagua tu namna ya kulala usiku. Kunyamaza hakukuiondoa hofu. Kuliinyima mlango wa mbele, ikatafuta dirisha.

Dirisha moja lilikuwa chanjo. Dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson ziliwasili 24 Julai 2021, na siku nne baadaye Rais Samia akachanjwa hadharani. Watu waliokuwa wameambiwa mwaka mzima kwamba hakuna cha kuogopa sasa wakaombwa wanyooshe bega. Uvumi ukalipuka: utakuwa zombi, utakuwa tasa, utakufa baada ya miaka miwili. Wageni waliita ujinga. Mimi nakumbuka kwamba kandokando ya ziwa hili sindano ina historia. Mwaka 1906 Robert Koch, bingwa mkubwa wa Ujerumani, alipitia Mwanza akaenda kuweka kambi visiwa vya Sese kutibu malale, ugonjwa uliokuwa unaangamiza watu kwa malaki upande wa Uganda. Dawa yake, Atoxyl, ilikuwa na aseniki ndani. Alipoongeza dozi, wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka. Sidhani kuna bibi wa Ukerewe anayelijua jina la Koch. Lakini ukanda uliowahi kuona mambo kama hayo hauhitaji kusoma vitabu ili kuwa na shaka.

Dirisha jingine, baya zaidi, ni kumtafuta mtu wa kubebeshwa. Ukimwi ulipoingia Kagera mwaka 1983 uliitwa Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kinaletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda, kana kwamba ugonjwa ulifumwa ndani ya shati. Usukumani tunayo aibu yetu ya muda mrefu: vifo visivyoeleweka vimewagharimu maisha vikongwe kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Mwaka 2020 waliobebeshwa walikuwa madereva wa malori waliotoka mipakani, manesi waliokuwa wanakataliwa vyumba vya kupanga, na yeyote aliyekohoa. Hofu isiyo na sura itatafuta uso, na kwa kawaida huupata kwa asiyeweza kujitetea.

Tulipata nafasi ya kujilinganisha wenyewe kwa wenyewe. Machi 2023, Bukoba Vijijini, watu walianza kufa kwa homa na kutoka damu. Siku chache ulikuwa "ugonjwa usiojulikana," na siku hizo ndizo nilizopokea voisi nyingi zaidi. Tarehe 21 Machi ukatajwa: Marburg, ndugu wa karibu wa Ebola, mara ya kwanza nchini. Jina lenyewe linatisha kuliko korona. Lakini lilikuja na mambo ya kushika: unaambukiza kwa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti, si kwa kupishana njiani, aliyemgusa mgonjwa anafuatiliwa siku 21, usioshe maiti, piga simu. Tisa waliugua, sita wakafa, na 2 Juni ukatangazwa kuisha. Mwanza meli iliendelea kwenda na kurudi Bukoba, abiria wakipimwa joto. Nilimuuliza mpagazi mmoja bandarini kama haogopi. "Naogopa," akasema, "ila najua nisichotakiwa kushika."

Sijasikia maelezo bora ya elimu ya afya kuliko hayo.

Januari 2025 tukateleza tena, Biharamulo. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani likataja tetesi za Marburg. Wizara ikasema vipimo havionyeshi. Tarehe 20 Rais akathibitisha upo. Vipimo huchelewa na sampuli ya kwanza huweza kukosa, hilo linaeleweka. Ila zile siku sita kati ya tetesi na "upo" zilitosha kwa watu wa Geita na Sengerema kujiundia majibu yao. Ingetosha kusema: tunapima, hatujapata jibu, likija tutawaambia, kwa sasa fanyeni hivi na hivi. Sentensi ya aina hiyo huwapa shida viongozi kwa sababu inaonekana kama udhaifu. Kwa msikilizaji inapunguza utata, na kumbuka ile hesabu ya uvumi, ya kuzidisha.

Nirudi kwenye daladala, maana sijamaliza habari za yule mzee.

Alipokwisha kujitetea akakaa kimya, karatasi zake za kliniki mapajani. Tulipita Nyegezi, tukapita Butimba. Kikohozi kingine kilimjia, akakiziba kwa mkono wa koti mpaka macho yakamtoka machozi. Mkuyuni akagonga bati. Konda akamwambia, "Mzee, si ulisema mjini? Umeshalipa mpaka mjini." Akasema anajua. Akashuka taratibu akiwa ameshika mlango, akasimama kando ya barabara, na gari lilipoondoka nilimwona anaanza kutembea kuelekea mjini.

Kiti alichokalia kilibaki kitupu hadi mwisho wa safari, ingawa kila kituo walipanda watu.